Deni la Msikilizaji

Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 Doduma, mkoani Dodoma, akafariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Kati ya tarehe hizo mbili alipiga zeze na ilimba, akaimba kwa sauti iliyoweza kushuka mpaka ikawa mngurumo na kupanda mpaka ukajiuliza kama anayeimba bado ni yule yule, na akasikilizwa kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani. Mimi ni mtu wa Bariadi. Rafiki zangu wengi ni watu waliosoma, wenye shahada na maoni juu ya kila kitu. Ukiwauliza Zawose ni nani, watakujibu, "Si yule mzee wa ngoma za asili?" Ukiwaomba wakutajie wimbo wake mmoja tu, wanacheka.

Kicheko hicho hakina ubaya. Ni kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anapaswa kulijua. Lakini kimeniachia swali ambalo sijaweza kulitua. Mpiga zeze akiwa mkubwa kiasi kile, na sisi watu wa nchi yake tusimsikilize, je, tumemdhulumu? Au kusikiliza ni hiari kama kula embe, anayependa ale na asiyependa apite?

Tuanze na mtu mwenyewe. Baba yake Zawose alikuwa mfugaji na mpiga muziki, na mtoto alijifunza muziki akichunga, kama walivyojifunza wengi wa Ugogoni. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam aje kuishi na kufanya kazi ya muziki huko. Baadaye makazi yake yakawa Bagamoyo, mji ambao mwaka 1981 ulifunguliwa Chuo cha Sanaa, hiki tunachokiita leo TaSUBa. Akaishi hapo na familia kubwa ambayo nusu yake, ukiitazama, ni bendi. Mwaka 1985 ilitoka nje ya nchi santuri yake ya Tanzania Yetu. Mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa Chibite. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na mwaka huo huo akaambatana na Gabriel kwenye ziara ya maonyesho. Mwaka uliofuata akafariki.

Kwa asiyelijua zeze, ni ndugu wa fidla. Lina kibuyu kilichowambwa ngozi, mti uliochomekwa humo, nyuzi, na upinde wa kusugulia. Fidla hukaa chini ya kidevu, zeze huegemezwa mwilini. Wengi hulipiga likiwa na nyuzi mbili au zaidi kidogo. Zawose aliongeza nyuzi, akatengeneza mazeze makubwa yenye sauti nyingi kwa wakati mmoja. Nalisema hili kwa sababu neno "asili" lina tabia ya kumgandisha mtu. Ukishaitwa msanii wa asili, watu hudhani kazi yako ni kukabidhi ulichokabidhiwa, kama mlinzi wa stoo. Zawose alikuwa fundi anayebadilisha chombo chake ili kiseme anachotaka. Mpiga fidla wa Vienna akifanya hivyo huitwa mbunifu. Huku kwetu hata fidla yenyewe ilishabadilishwa uraia zamani: vikundi vya taarabu vya Zanzibar, Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 ikiwa miongoni mwa vikongwe, viliifanya ilie Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa deni. Msanii anaweza kutudai vitu vitatu. La kwanza ni fedha, na hilo tuna sheria yake: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA. La pili ni heshima, na heshima tunajua kuitoa, hasa mtu akishafariki. La tatu ni sikio. Hilo halina sheria, wala serikali haiwezi kulilipa kwa niaba yangu. Hakuna waziri anayeweza kusikiliza wimbo kwa ajili ya wananchi wake. Kama deni hilo lipo, basi ni letu, mmoja mmoja.

Wapo wanaoamini lipo, na mfano wao mkubwa unatoka mbali na Simiyu. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 2007, Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri kabisa wa Marekani, alisimama kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi cha L'Enfant Plaza, Washington, amevaa kofia ya kawaida kama kijana yeyote anayetafuta chenji. Lilikuwa jaribio la gazeti la Washington Post. Alipiga kwa dakika 43, kwenye fidla iliyoundwa na Stradivari mwaka 1713, akianza na kazi ya Bach ambayo wapiga fidla wengi huiogopa. Walipita watu 1,097. Waliosimama angalau dakika moja walikuwa saba. Kwenye sanduku lake zikaingia dola thelathini na kitu. Siku chache kabla, ukumbi wa Boston ulikuwa umejaa watu waliolipa fedha nyingi kumsikia mtu yule yule. Mwandishi wa habari ile, Gene Weingarten, alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2008, na tangu hapo kisa hiki kimekuwa hubiri: tazameni jinsi tulivyokufa masikio.

Mimi hubiri hilo halinigusi sana. Wale watu walikuwa wanawahi kazini. Hakuna aliyewaambia asubuhi ile kuna muziki. Mtu akinikuta stendi ya Bariadi saa kumi na mbili asubuhi, nimeshika begi, konda anaita "Mwanza, Mwanza, mmoja tu," halafu akanihukumu kwa kutosimama kusikiliza, atakuwa ananionea. Mwaka 2014 Bell alirudi kupiga katika kituo kingine kikubwa cha mji ule ule, safari hii watu wakiwa wametangaziwa, na umati ukajaa. Masikio hayakuwa yamekufa. Mara ya kwanza hayakuwa yamealikwa, basi.

Hata hivyo kuna jambo moja katika habari ile ambalo siwezi kulipita. Watoto waliopita na wazazi wao walijaribu kusimama. Kila mara mzazi akamvuta mkono mtoto, wakaenda. Nitalirudia jambo hili mbele kidogo.

Usukumani swali hili liliulizwa zamani kwa namna nyingine kabisa, tena uwanjani, mbele ya watu. Katika karne ya 19 walikuwapo wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa na ushindani mkali. Kutoka kwao yakazaliwa makundi mawili, Bagika na Bagalu, na mpaka leo vikundi vya ngoma Usukumani, Simiyu ikiwamo, hujipambanua kwa majina hayo. Mavuno yakishaisha, mashambani pakiwa pakavu na ghalani pana kitu, makundi hayo hukutana. Hapandi mmoja akashuka ndipo mwingine apande. Yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wako huru. Wanaweza kwenda huku, wakachoka, wakahamia kule. Anayeishia na umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo utaona mambo mengi ya kushangaza yakiingia humo: nyoka, fisi, majembe yanayorushwa juu katika bugobogobo, mzaha, matusi ya kiungwana, na dawa za mvuto ambazo manju hawazizungumzii mbele ya wageni.

Hapa hakuna deni la sikio hata chembe. Manju ndiye mwenye kazi. Watu wakimkimbia, haandiki makala ya kulalamika kuwa jamii imepoteza utamaduni. Anarudi nyumbani, anatunga upya, anatafuta dawa nyingine, anasubiri mwaka ujao.

Babu yangu mzaa mama, ambaye yuko Itilima, alikuwa upande wa Bagalu. Hakuwa manju mkubwa, ila aliimba, na analo zeze lake ambalo bado anapiga jioni vidole vikimruhusu. Nilimsimulia habari ya Bell. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Huyo mzungu, upande wa pili alikuwapo nani?"

Nikamwambia hakukuwa na upande wa pili, alikuwa peke yake.

"Basi hakushindwa," akasema. "Na hao watu hawakumkataa. Ili unikatae lazima uje uwanjani kwanza, mjukuu wangu."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, kwa sababu yanafungua kitu ambacho mimi na hubiri la Washington sote tulikuwa tumekikosa. Uhuru wa watazamaji wa Bagika na Bagalu ni mkubwa sana, lakini angalia umejengwa juu ya nini. Wale watu wamekuja. Wametenga siku. Wengine wametembea kutoka mbali. Wanazijua nyimbo za pande zote mbili, wanajua mzaha unamlenga nani, wanajua mstari uliotungwa jana na ule ulioazimwa kwa marehemu. Akiondoka mmoja wao kwenda upande wa pili, kuondoka kwake kuna maana, kwa sababu amesikia anachokiacha. Manju aliyeachwa na mtu huyo amehukumiwa, na amehukumiwa kwa haki.

Mimi na rafiki zangu hatujamhukumu Zawose. Hatujafika hata uwanjani. Tunaposema "siyo muziki wangu", tunajisifu kwa uhuru wa kuchagua ambao hatujautumia. Kuchagua ni kati ya vitu viwili unavyovijua. Vingine vyote ni kuvutwa mkono na kupita, kama wale watoto wa kituo cha treni, ila sisi tumeshakua na mkono unaotuvuta hatuuoni: simu inayojua tulichopenda jana na kutupa hicho hicho leo, shule iliyotufundisha jina la chombo na picha yake bila kutusikilizisha sauti yake.

Kwa hiyo naona deni lipo, lakini ni dogo kuliko wanavyosema wahubiri, na ni zito kuliko tunavyotaka sisi. Hatuwadai watu wapende. Kupenda hakulazimishwi, na msanii anayedai kupendwa anaomba sadaka. Hatuwadai hata wakae mpaka mwisho. Kinachodaiwa ni kufika, na kukaa muda wa kutosha ili ukiondoka, kuondoka kwako kuwe jibu. Aliyeshindwa uwanjani hajadhulumiwa. Anayedhulumiwa ni yule ambaye uwanja haukufunguliwa kabisa, halafu watu wakasema ameshindwa.

Mtu anaweza kunipinga hapa: Zawose alifunguliwa uwanja. Rais mwenyewe alimwita. Ni kweli, na ni jambo kubwa ambalo nchi nyingi hazikulifanya. Lakini ngoma ya taifa ina hatari yake, na kila aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kiserikali mahali popote nchini anaijua. Kikundi kinacheza wakati wageni wanasubiriwa. Mgeni rasmi akifika, ngoma inakatwa katikati ya ubeti, na mshereheshaji anasema, "Tuwapigie makofi." Makofi yanapigwa. Wachezaji wanakwenda kukaa kwenye mkeka nyuma ya hema. Hapo utamaduni umeonyeshwa, umeheshimiwa, umepigwa picha, na hakuna aliyesikiliza. Kuonyeshwa na kusikilizwa ni vitu viwili, na cha kwanza kinaweza kukificha cha pili kwa miaka mingi, mpaka watu wakaamini kuwa wamesikia.

Ndiyo maana sioni aibu kwamba Zawose alikwenda Uingereza. Manju huenda penye uwanja. Kule watu walinunua tiketi, wakakaa, wakanyamaza, na waliochoka wakatoka. Alipata hukumu ya haki, na hukumu ikawa kwamba ni mkubwa.

Lakini kule pia palikuwa na kasoro, na ndiyo inayoturudisha nyumbani. Aliimba kwa Kigogo na Kiswahili. Wasikilizaji wake wengi wa Ulaya walisikia sauti, mpangilio, nyuzi, mshangao wa lile koo. Maneno hawakuyasikia. Aliyekuwa anaonya, wao walimsikia analia. Aliyekuwa anatania, wao walimsikia anasali. Siwalaumu, walitoa walichokuwa nacho. Ila kulikuwa na sehemu ya kazi yake ambayo ingeweza kusikiwa na watu wa huku tu, na sehemu hiyo ilibaki hewani haina mpokeaji.

Hili linajibu pingamizi jingine, tena zito zaidi. Dunia ina wanamuziki wasiohesabika, na maisha yana jioni chache. Siwezi kufika kwenye kila uwanja. Nikimsikiliza Zawose, nimemnyima mtu wa Mongolia. Ni kweli. Ndiyo maana deni hili haliwezi kuwa sawa kwa watu wote. Linamfuata mwenye ufunguo. Mtu wa Boston akikosa kusikia wimbo wa Kisukuma wa palizi ya pamba, amekosa kitu kizuri. Mimi nikikosa, mimi ninayejua maana ya "mbina", niliyekulia kwenye mkoa ambao pamba ndiyo karo yetu na harusi zetu, kuna kitu kimezimika ambacho hakuna mwingine wa kukiwasha. Vivyo hivyo kwa kijana wa Dodoma na Kigogo. Anayejua lugha anadaiwa zaidi, kama jirani anavyodaiwa zaidi msibani kuliko mtu wa mkoa mwingine, ingawa wote ni binadamu.

Na tusidhani kufungua uwanja ni jambo la kuwarudia wazee tu. Mwaka 2024 Real World ilitoa albamu ya Maisha ya The Zawose Queens, Pendo na Leah, wanawake wa ukoo ule ule. Kwa muda mrefu wanawake wa familia hiyo waliimba na kucheza nyuma ya wanaume, na kuongoza hakukuwa kwao. Nikiisikiliza albamu ile najiuliza ni sauti ngapi zilizokuwa ndani ya uwanja tangu mwanzo, karibu na ngoma, na bado hazikuhesabiwa kuwa mshindani. Mila ikiwa na haki yake ya kusikilizwa, haina haki ya kuamua peke yake nani mwingine asisikilizwe.

Mwezi uliopita babu alituita wajukuu twende Itilima jioni moja akatupigie zeze, kwa sababu kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimeanza kukataa kukunjika. Kwenye kundi letu la WhatsApp pakazuka ubishi. Binamu yangu, ambaye ni nesi na ana busara kuliko mimi, aliandika kwamba tutakwenda kwa sababu tunampenda, na kwamba maneno yangu ya deni yanaliharibu jambo, yanamfanya babu aonekane mdai. "Upendo hauhitaji hesabu," aliandika.

Nilimjibu kwamba upendo ungetupeleka, lakini ungetufanya tumpigie makofi vyovyote atakavyopiga, kama mtoto aliyechora picha. Babu hajaomba hilo. Ametumia miaka hamsini kwenye zeze lile. Akikosea anajua, na akipatia anataka awepo mtu wa kujua kwamba amepatia. Kumpenda bila kumsikiliza ni kumfanya awe mzee wetu tu, naye ni mzee wetu na pia ni mpiga zeze. Binamu hakukubali moja kwa moja. Aliandika, "Na kama hatutaipenda?" Nikampelekea babu swali hilo kwa simu, nikitarajia labda atahuzunika.

"Mkija msinisifu," alisema. "Kaeni. Anayechoka aende jikoni kwa bibi yenu, kuna viazi. Ila asiende kabla ya wimbo wa pili, wa kwanza nitakuwa bado nakaza nyuzi."

Tumepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tuko tisa, na wawili hawajui Kisukuma sawasawa kwa sababu wamekulia Dar es Salaam. Binamu amejitolea kukaa katikati yao na kuwatafsiria.